Kukunja Mkeka Ulioukalia: Jinsi Kerneli Inavyoilaza Prosesa

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unalikata jiji la Dar es Salaam katikati na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salander. Masika yakikaza, wakazi wa Jangwani na mabonde yanayopakana nayo hawahitaji kuelezwa kinachofuata. Tuseme umepewa kazi ya kutengeneza kisanduku cha kufungwa kwenye daraja mojawapo la mto huo. Ndani yake kuna kompyuta ndogo ya Linux, kamera inayopiga picha nguzo ya vipimo, modemu ya simu na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7, na juu kuna paneli ndogo ya sola. Kila dakika 15 kisanduku kiangalie maji yamefika wapi. Yakipanda ghafla, kitoe taarifa.

Ugumu ni kwamba siku ambazo kifaa kinahitajika zaidi ndizo ambazo wingu limetanda kutwa na paneli haileti cha maana. Betri inabeba mzigo peke yake. Tupige hesabu. Betri ya asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo una miliampea-saa 3,500 za kutumia. Kompyuta ikikaa macho muda wote ikivuta miliampea 150, akiba hiyo imekwisha ndani ya saa 23. Sasa iamke sekunde 20 tu katika kila dakika 15, na usingizini ivute miliampea 2. Wastani unashuka hadi miliampea 5.3 na betri inafika siku 27. Lakini ikitokea usingizini inavuta 20 badala ya 2, unabaki na siku sita na kidogo. Muda wa kuwa macho haujabadilika hata sekunde moja, ila betri imeliwa na usingizi mbovu.

Kwa haki, kama kifaa chako kinasoma kihisi kimoja na kutuma namba, usihangaike na Linux. Chukua ESP32, kompyuta ndogo mno ya chipu moja, ambayo chipu yake kwenye usingizi mzito huvuta takribani maikroampea 10, umalize kazi. Ila ikiamka huanza programu upya tangu mwanzo, ikikumbuka tu kile ulichokiweka kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu inayobaki na umeme. Ukishahitaji kamera, uchambuzi wa picha na faili nyingi, hapo ndipo unaihitaji kompyuta kamili. Na kompyuta kamili inalala kwa namna nyingine kabisa: inasimama katikati ya kazi, na ikiamka kila programu iko pale pale ilipokuwa.

Kerneli, ile sehemu ya mfumo endeshi inayozungumza na maunzi moja kwa moja, ina ngazi kadhaa za kubana umeme. Ya kwanza hutokea mara nyingi ndani ya sekunde moja bila mtu kuona: prosesa ikikosa kazi inatekeleza amri iitwayo WFI (kifupi cha Kiingereza cha "subiri kikatizo") na kusimama hadi kikatizo, yaani ishara ya kuidai prosesa ishughulikie jambo, kiiamshe. Ya pili ni kuzima kifaa kimoja kimoja kisichotumika huku mfumo ukiendelea na kazi. Utaratibu wa pamoja wa ngazi hiyo uliingia kwenye Linux toleo la 2.6.32, mwishoni mwa mwaka 2009. Ya tatu ni kuulaza mfumo mzima. Unaandika neno `mem` kwenye faili `/sys/power/state`, basi. Herufi tatu hizo zinaanzisha msururu mrefu wa kazi, na makala haya yanahusu msururu huo.

Kila hatua yake inajibu swali moja: nani bado anamtegemea nani?

Data iliyokuwa ikisubiri inasukumwa kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu. Halafu programu za kawaida zinagandishwa, zikifuatiwa na nyuzi za kerneli yenyewe zilizokubali kugandishwa. Programu zinatangulia kwa sababu ndizo zinazotoa maombi. Huwezi kuilaza kamera wakati kuna programu bado inaidai picha. Kerneli huzipa sekunde 20, na hata moja ikigoma, usingizi wote unafutwa na mfumo unarudi macho. Inayogoma kwa kawaida ni ile iliyokwama ikisubiri kifaa kisichojibu. Kwenye vifaa vya aina hii, mimi huanza kuishuku modemu ya USB kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha zamu ya vifaa, na kanuni hapa ni kwamba mtoto hulala kabla ya mzazi. Kihisi kilichounganishwa kwenye waya za I2C, njia ya nyaya mbili ya kuzungumza na chipu ndogo, kinalazwa kwanza, ndipo kidhibiti cha I2C kifuate, kwa kuwa ili umwambie mtoto alale unahitaji kumpitishia ujumbe kupitia mzazi. Kuamka kunafuata mpangilio uleule kinyumenyume. Hilo ni rahisi. Shida inaanza pale undugu unapokuwa wa pembeni. Kamera ni mtoto wa USB, lakini huenda umeme wake unatoka kwenye regyuleta (kidhibiti cha volti) inayoamrishwa kupitia I2C. Ukoo wa USB na ukoo wa I2C haujuani. Ukiilaza I2C mapema, hakuna tena wa kuizima kamera, na mbaya zaidi, wakati wa kuamka kamera inaitwa kabla haijapata umeme. Kwa miaka mingi watu walitegemea mpangilio ambao vifaa vilisajiliwa wakati wa kuwasha, pamoja na bahati. Toleo la 4.10 la mwaka 2017 lilileta njia ya kutangaza wazi kwamba kifaa hiki kinahudumiwa na kile, na kerneli ikaanza kuheshimu tangazo hilo wakati wa kulala na kuamka. Ukiona kifaa kinachoamka kikiwa kimechanganyikiwa mara moja katika mara kadhaa, angalia kwanza kama tangazo hilo lipo.

Draiva, msimbo wa kerneli unaoendesha kifaa fulani, inaweza kuitwa mara tatu kabla ya kulala: mara ya kawaida, mara ya kuchelewa, na mara ya mwisho ambapo vikatizo vya vifaa vimeshazuiwa. Msomaji mgeni huona huo ni urasimu. Lakini fikiria kitufe au kihisi kinatuma kikatizo wakati draiva yake imeshazima saa inayoendesha kifaa hicho, yaani mapigo ya umeme yanayokipa mwendo. Kerneli inakimbilia kuuliza kulikoni, inasoma rejista (kisehemu cha kumbukumbu cha kudhibitia kifaa) ya kifaa kisicho na saa, na kwenye prosesa nyingi za ARM usomaji huo unaiangusha kerneli au kuigandisha papo hapo. Ndiyo sababu kazi ya kukata saa na umeme wa kifaa mara nyingi huachiwa mzunguko wa mwisho, ambapo hakuna kikatizo kitakachoingilia.

Baada ya hapo viini vya ziada vya prosesa vinazimwa hadi kibaki kimoja, vikatizo vyote vinafungwa, na mambo machache ya msingi kama vihesabu muda yanahifadhiwa. Kisha kerneli inaita kitendo kimoja kiitwacho `enter`. Hadi hapo msimbo ni wa wote. Kuanzia hapo ni wa chipu yako peke yake, na ndipo penye kazi.

DRAM, kumbukumbu kuu ya kompyuta, hutunza kila biti kama chaji ndani ya kapasita ndogo mno, na kapasita hizo zinavuja. Kwa DRAM ya aina ya DDR3 kila safu inapaswa kuhuishwa ndani ya milisekunde 64, na chipu ikivuka nyuzi joto 85 muda huo hukatwa nusu, maana joto huongeza uvujaji. Mfumo ukiwa macho, anayesimamia zoezi hilo ni kidhibiti cha kumbukumbu kilicho ndani ya prosesa. Ukitaka kukizima nacho, unaiamuru DRAM ijihuishe yenyewe. Ikiingia katika hali hiyo data zinabaki salama kwa umeme kidogo sana, ila hazisomeki wala haziandikiki. Na je, msimbo wa kerneli unaotoa amri hiyo umekaa wapi? Ndani ya DRAM hiyohiyo. Ni kukunja mkeka huku umeukalia. Amri ikitimia, amri inayofuata haina tena mahali pa kusomwa.

Kwa hiyo msimbo wa mwisho unahamishwa. Prosesa za aina hii huwa na SRAM kidogo ndani ya chipu, kumbukumbu isiyohitaji kuhuishwa. Prosesa ya AM335x ya Texas Instruments, iliyo kwenye bodi ya BeagleBone Black, ina kilobaiti 64 za SRAM ya pamoja, na hizo zinatosha na kubaki. Kerneli inanakili huko kipande kifupi cha lugha ya asembli, ambayo huandikwa amri moja moja za prosesa, kisha inarukia humo. Kipande hicho kinaishi kwa masharti makali. Kisiite kitendo chochote kilicho nje, kisiguse kigeu chochote kilichobaki kwenye DRAM, na kisitumie anwani yoyote inayodhani kwamba bado kiko pale kilipoandikwa. Ndiyo maana huandikwa kwa asembli. Ukitumia lugha ya C, kikusanyaji (programu inayoigeuza kuwa amri za prosesa) kinaweza kuamua chenyewe kuweka thamani fulani kwenye staki, eneo la DRAM la kuhifadhi vitu vya muda, na hutajua hadi bodi igande.

Kuna mitego miwili hapo ambayo haionekani kwa kusoma msimbo tu. Wa kwanza ni kache, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa. Data nyingi mpya ziko kwenye kache na bado hazijaandikwa DRAM. Umeme wa kiini ukikatwa, zinapotea. Lazima kache isafishwe, yaani kila kilichobadilika kiandikwe chini, kisha ifungwe ili kisiingie kipya, na haya yote yafanyike kabla DRAM haijalala. Wa pili ni mjanja zaidi. Prosesa hutafsiri anwani pepe, zile zinazotumiwa na programu, kuwa anwani halisi za maunzi kwa kutumia majedwali ya kurasa, na majedwali yako kwenye DRAM. Kuna akiba ndogo ya tafsiri za karibuni ndani ya prosesa, lakini kama rejista unayotaka kuigusa haijawahi kutafsiriwa hivi karibuni, prosesa italifuata jedwali kwenye kumbukumbu iliyolala, na itasubiri milele. Dawa yake ni kuzisoma rejista zote utakazozihitaji mapema, kabla ya kuilaza DRAM, ili tafsiri zake ziwe tayari mkononi. Mistari hiyo ya usomaji inaonekana haina kazi, kwa kuwa thamani iliyosomwa haitumiki popote. Ukikutana nayo kwenye msimbo wa mtu, usiisafishe.

Linabaki suala la nani anazima taa. Cortex-A8, kiini kikuu cha AM335x, haikatiwi umeme na msimbo wake yenyewe. Ndani ya chipu kuna prosesa nyingine ndogo, Cortex-M3, ambayo inabaki kwenye eneo lenye umeme wa kudumu. Kerneli inaiachia ujumbe kuhusu aina ya usingizi unaotakiwa na anwani ya kurudia, kisha A8 inatekeleza WFI. M3 ikiona A8 imesimama, inaendelea kufunga maeneo ya umeme na hata kuzima kiosileta kikuu. M3 ina programu yake, ambayo ni faili la kupakiwa wakati wa kuwasha. Ukitengeneza mfumo wako wa Linux ukalisahau faili hilo, usingizi mzito haupatikani hata kama msimbo mwingine wote uko sawa.

Chini ya WFI kwenye kipande hicho cha asembli kuna amri kadhaa tupu, na chini yake tena msimbo wa kuiamsha DRAM na kurudisha mambo yalivyokuwa. Mtu anaweza kuuliza ni za nini, wakati prosesa imeshakatiwa umeme. Ni kwamba huenda haijakatiwa. Kikatizo kikiwasili sekunde hiyohiyo ya mwisho, WFI haisimami. Prosesa inapitiliza, na inajikuta macho kabisa huku kumbukumbu yake imelala. Amri hizo ndizo njia yake ya kurudi. Hutokea mara chache, ila kifaa kinachofungwa chini ya daraja na kulala mara 96 kwa siku kitaikuta mara hiyo.

Kwenye prosesa mpya za ARM za biti 64, sehemu kubwa ya haya imehamishiwa chini ya kerneli. Kuna mapatano yaitwayo PSCI ambapo kerneli inaomba tu usingizi, na programu yenye mamlaka zaidi inatekeleza. Ni nafuu kwa mwandishi wa kerneli. Kwa anayeandika hiyo programu ya chini, mkeka ni uleule.

Kuamka kuna vitimbi vyake. Kiini kilichokatiwa umeme hakijui kwamba kililala. Kinaanza kama kimewashwa leo kwa mara ya kwanza, kwenye msimbo uliochomwa ndani ya chipu kiwandani. Msimbo huo unaangalia alama iliyoachwa kwenye rejista isiyopoteza umeme. Ikiwepo, haupakii mfumo upya, bali unarukia anwani iliyoachwa. Anwani hiyo lazima iwe halisi na si pepe, kwa sababu mtafsiri wa anwani bado hajawashwa. Msimbo wa kurudi unaiamsha DRAM, unarejesha rejista za prosesa, kisha unawasha mtafsiri wa anwani. Na wakati wa kuwasha huko, ukurasa unaotekelezwa lazima uwe umepangiwa anwani pepe iliyo sawa na ile halisi, la sivyo amri inayofuata inatafutwa mahali ambapo haipo. Vyote vikienda sawa, kitendo kilichoita usingizi kinarudi kama kitendo chochote kinavyorudi, na kerneli inaanza kuamsha vifaa, wazazi kwanza.

Kuna jambo la kuamua kabla hata hujashika chuma cha kuchomelea. Kwenye AM335x, katika usingizi mzito zaidi unaotunza kumbukumbu, kati ya pini za matumizi ya jumla (GPIO), ni za kundi la GPIO0 tu ndizo zilizo kwenye eneo lenye umeme. Makundi mengine matatu yamelala. Waya wa modemu unaotoa ishara simu ikiita, au swichi ya kuelea inayounganisha umeme pale maji yanapofika kimo cha hatari, ukiupeleka GPIO1 hautaamsha kitu. Hakuna msimbo utakaokuokoa, utarudi kuchora bodi upya.

Swichi hiyo inaleta swali jingine. Maji yakifika kimo cha hatari wakati hasa mfumo unaelekea kulala, je? Programu imeangalia, imeona shwari, inaandika `mem`. Na katikati ya hayo tukio limeingia na kushughulikiwa nusunusu. Mfumo unalala nalo. Wasanifu wa Android walikuwa na jibu lao la kufuli za kuzuia usingizi, na likazua ubishi mrefu na watunzaji wa kerneli. Jibu lililoingia kwenye toleo la 2.6.36 mwaka 2010 ni jepesi zaidi: unasoma idadi ya matukio ya kuamsha kwenye `/sys/power/wakeup_count`, unamaliza ukaguzi wako, kisha unaiandika idadi ileile hapo hapo kabla ya kulala. Kama tukio jipya limeingia, idadi hazilingani, maandishi yanakataliwa, na unaanza tena.

Programu yako nayo ijue kwamba imelala. Saa ya `CLOCK_MONOTONIC` husimama mfumo ukilala, wakati `CLOCK_BOOTTIME` inaendelea kuhesabu. Ukiipangia kamera dakika 15 kwa saa ya kwanza, na mfumo unalala karibu muda wote, picha inayofuata itachelewa kwa masaa mengi na utailaumu kamera.

Sasa tuseme prosesa inalala vizuri, lakini mita inaonyesha miliampea nyingi kuliko hesabu. Angalia nje ya prosesa. Regyuleta ndogo ya AMS1117, iliyojaa kwenye bodi za bei rahisi zinazouzwa Kariakoo, yenyewe hutumia takribani miliampea 5 hata kama haihudumii chochote. Ikiwa inashusha umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri yako ya volti 12, zile siku 27 zinakuwa 14. Ipo MCP1700 inayotumia maikroampea 1.6, lakini haivumilii volti 12, kwa hiyo inabidi ikae baada ya kishushaji kingine. Kizuizi cha kilo-omu 10 kinachovuta pini juu kwenye volti 3.3, huku draiva imeiacha pini hiyo chini, kinavujisha theluthi moja ya miliampea. Viwe sita tu tayari umefika miliampea 2. Kisha kuna kosa la kukizima kihisi umeme huku pini za prosesa zinazoenda kwake zimebaki juu. Kihisi kinajilisha kupitia pini hizo na kubaki nusu hai, na kikiwashwa tena hakijibu kwa sababu hakikuwahi kuzimika kikamilifu. Kila draiva inapaswa kueleza pini zake zikae vipi usingizini, na kwa uzoefu wangu hiyo ndiyo sehemu inayorukwa zaidi kwa sababu kifaa kinafanya kazi bila hiyo.

Kutafuta hitilafu kunachosha kwa kuwa dirisha la ujumbe nalo hulala. Ongeza `no_console_suspend` kwenye vigezo vya kuwashia ili ujumbe uendelee kutoka hadi karibu na mwisho. Halafu usilale moja kwa moja. Faili la `/sys/power/pm_test` linakuruhusu kwenda hatua kwa hatua: ukiandika `freezer` humo kisha ukaulaza mfumo kama kawaida, utagandisha programu, utasubiri sekunde tano na kurudi, ukiandika `devices`, utalaza na vifaa, na kuendelea hadi `core`. Hatua ya kwanza inayoshindwa kurudi ndiyo yenye mgonjwa. Zote zikipita, tumia `rtcwake -m mem -s 20` inayolaza na kuamsha kwa saa ya ndani, iweke kwenye mzunguko usiku kucha, na asubuhi usome `/sys/power/suspend_stats` uone imefaulu mara ngapi na kifaa gani kiligoma mara ya mwisho. Fanya zoezi hilo kisanduku kikiwa kimefungwa na kimewekwa juani, si mezani chini ya feni, kwa sababu mikondo inayovuja ndani ya chipu hupanda na joto, na namba uliyoipima mezani haitakuwa namba ya darajani.